Nyumba Isiyo na Namba

Mtaani walimwita Dada Maswali, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Lilimganda tangu wiki ile alipoanza kupita mlango kwa mlango, ubao wa kuandikia kifuani na kalamu mbili nyweleni, akiuliza mambo ambayo mtu na akili zake haulizwi saa tatu asubuhi. Bahari ikipanda, utaambiwa na nani? Usipoambiwa, utajuaje? Huwezi kutembea, nani atakubeba? Wengine walimjibu huku wakifua. Wengine walimrudishia swali: "Kwani umesikia nini?" Muuza mkaa wa pale kona alimwambia waziwazi kwamba anamletea nuksi, halafu akamvutia kigoda na kujibu maswali yote bila kuruka hata moja.

Kazi ile aliipenda kuliko alivyoonyesha. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na angekuwa bado mwalimu kama miguu ya mama yake isingegoma. Ilianza kwa ganzi, ikaja fimbo, na sasa ilikuwa mwaka wa pili bibi yule hajavuka kizingiti kwa miguu yake. Dada Maswali alihitaji kazi ya karibu, itakayomruhusu kurudi mchana kumgeuza mama, kumlisha, kumsikiliza akilalamikia redio. Utafiti ukamtokea kama bahati. Kila asubuhi alipofunga kamba za viatu alishukuru kimoyomoyo, maana kuna watu wazima wengi waliosoma kuliko yeye na wamekaa nyumbani wakihesabu mabati.

Mwenye utafiti alikuwa Daktari, si wa sindano, wa vitabu. Alitaka kujua kitu kimoja tu, ingawa kwenye karatasi zake kilichukua kurasa sita: katika mtaa ule wa chini, uliobanwa kati ya ukuta wa bahari na barabara ya kupanda shuleni, ni kikundi gani hasa kitakachowatoa watu majumbani siku maji yakija? Kwa maandishi kulikuwa na Kamati ya Maafa. Mwenyekiti wake alikuwa na filimbi na koti la kung'aa, na koti bado lilikuwa ndani ya nailoni yake, halijakunjuliwa tangu alipokabidhiwa. Daktari alilitazama koti lile, akacheka, akasema tuwaulize watu wenyewe.

Basi wakaulizwa. Kwanza kila nyumba ilipewa namba, na aliyezichora ni Dada Maswali, kwa kopo la rangi ya buluu na brashi iliyokuwa ikidondosha manyoya. Moja mpaka themanini na nne. Alipofika kwenye nyumba yake mwenyewe akapita. Hakusahau, alitii. Kwenye mafunzo Daktari alikuwa amesisitiza kwamba nyumba ya mdadisi irukwe, mtu hajidodosi mwenyewe, majibu yatapendelea. Dada Maswali alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Akaruka mlango wake, akaenda kuandika arobaini na saba kwenye mlango wa jirani.

"Mbona sisi hutuandikii?" mama yake aliuliza kutoka kitandani, kwa kuwa kitanda kilikuwa dirishani na hakuna kilichompita.

"Sisi tuko kwenye utafiti, mama. Hatuhesabiwi."

"Haya. Bora hata wewe unajua ulipo."

Nyumba ya sitini na moja ilikuwa mwisho kabisa, imeegemea ukuta wa bahari. Si nyumba hasa, ni chumba kimoja chenye kibaraza, na ndani yake aliishi na kufanya kazi Fundi Saa. Masikio yake yaliziba ukubwani, polepole, miaka saba nyuma, na watu wakaacha kumsemesha. Hawakumchukia, hapana. Walichoka tu kurudia maneno. Mteja alifika, akaonyesha saa kwa kidole, akaonyesha siku ya kuifuata kwa vidole, akaondoka. Fundi mwenyewe alijua saa imepona kwa kuigusisha taya. Alisema mlio anauhisi kwenye mfupa.

Dada Maswali alimfahamu kidogo. Kila mwezi kwa miaka mingi mama yake aliipeleka kwa Fundi saa yao ya ukutani, akidai inachelewa. Miguu ilipogoma akaanza kumtuma binti, na binti aliibeba saa ile kwapani huku akinung'unika, kwa sababu kwa macho yake haikuchelewa hata dakika. Utafiti ulipoanza akapata kisingizio. Miezi minne saa ilikuwa haijatoka ukutani.

Siku ya kumdodosa Fundi walikaa kibarazani. Alimpa karatasi asome mwenyewe, na Fundi akavaa miwani, akasoma kila swali taratibu na kujibu kwa sauti ya mtu asiyejisikia, ambayo mtaa mzima uliisikia. Kabla hawajaanza aliuliza, "Saa ya mama haijambo?"

"Haijambo, Fundi. Haina tatizo lolote," akamjibu, akiyatamka maneno wazi midomoni. Fundi akatikisa kichwa na kurudi kwenye karatasi.

Swali la kumi na mbili lilikuwa na mistari mitatu mitupu chini yake. *Maji yakija, nani atakuja kwako kukujulisha au kukusaidia? Taja watu watatu.* Fundi alilitazama swali lile kwa muda. Kisha akachukua kalamu mkononi mwa Dada Maswali, akachukua na rula kwenye meza yake ya kazi, akapiga kistari kwenye nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Vistari vilinyooka vizuri. Akarudisha kalamu.

"Hakuna hata mmoja, Fundi?"

"Hakuna. Hata akija, atagonga mlango." Akacheka peke yake. Halafu akaongeza, "Lakini hujaniuliza mimi nitamwendea nani."

Dada Maswali alipekua karatasi zake, kwa adabu tu, maana alijua. "Swali hilo halipo, Fundi."

"Aa. Halipo."

Siku hiyo alikuwa na nyumba tisa mbele yake. Alimshukuru, akafunga ubao wake, akaenda zake.

*

Majibu yalipokamilika Daktari aliyachora kwenye karatasi kubwa, akaibandika kwenye ukuta wa darasa la shule ya msingi kule mlimani, na mtaa wote wa chini ukaalikwa kuja kujiona. Kila nyumba ilikuwa nukta, na kila nukta ilikuwa na namba yake pembeni. Mstari ulitoka kwa aliyetajwa kwenda kwa aliyemtaja, na nukta iliyotajwa sana ilichorwa nene.

Watu walijazana mbele ya ukuta ule kama waliobandikiwa matokeo ya mtihani. Nukta ya Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa ilitafutwa kwa muda mrefu, na alipoonyeshwa mwenyewe aliinama karibu kabisa, akasema labda wino ulikwisha. Nukta nene kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja mwenye kikundi cha kuazimisha viti, mahema na masufuria ya shughuli. Walimwita Mama Viti. Hakuna harusi wala msiba uliofanyika mtaani bila wanawake wake kuingia na viti, hivyo walijua mlango gani ni mwembamba, ngazi gani imeoza, nani halali kitandani na nani hawezi kuinuka. Hakuna aliyewahi kuwahesabu kuwa watu wa maafa.

"Mimi?" Mama Viti aliuliza, mkono kifuani. "Na viti vyangu hivi vya kuvunjika miguu?"

"Wewe," Daktari alisema. "Watu hamsini na mbili wamekutaja."

Mama Viti hakuwa mtu wa kulia hadharani. Alikohoa, akajipangusa pua, akasema basi kama ni hivyo kazi igawanywe, si ya kukaa kuangalia picha. Papo hapo akaigawa. Kwaya ilichukua namba moja mpaka ishirini. Maveterani wa mpira wakapewa mpaka arobaini, hata wenye vitambi. Wanawake wa viti wakabeba zilizobaki. Karibu kila namba ikapata mtu wa kuigongea mlango. Mwenyekiti akaachiwa barabara, na filimbi yake, na akaahidi kulitoa koti kwenye nailoni.

Ikabaki nukta moja pembeni, chini kabisa, haina mstari hata mmoja.

"Huyu wa sitini na moja ni wangu," Mama Viti alisema. "Nitampitia mwenyewe."

Dada Maswali alisimama nyuma na ubao wake, moyo umemjaa. Aliona aibu kwa niaba ya mtaa, na furaha kwa niaba ya Fundi, na alijiona ana sehemu katika jambo jema. Mama Viti alimwita mbele akamkabidhi orodha ya namba themanini na nne. Siku hiyo ikifika, akamwambia, wewe ndiye wa kusimama geti la shule na kuweka alama, maana unatujua wote. Dada Maswali aliikunja orodha akaiweka kwenye mkoba. Wala yeye hakuisoma kwa jicho la mtu anayetafuta kwao.

*

Ilifika siku ya Alhamisi. Usiseme hawakuambiwa: redio ilitangaza tufani tangu Jumatano, lakini tufani nyingi hutangazwa na kuishia kupeperusha kanga kambani. Saa tano asubuhi tangazo likabadilika. Upepo ulikuwa unalisukuma bamvua, yaani maji yale makubwa ya mwezi, na saa tisa alasiri yangefika juu kuliko ukuta.

Dada Maswali alikuwa ofisini kwa Daktari, mlimani. Alimpigia mama yake simu hapo hapo.

"Usihangaike," mama alisema. "Si mlisema watakuja? Watakuja. Wewe fanya kazi yako."

"Watakuja, mama. Vaa sweta."

"Nitalivaaje, na liko kabatini? Watanivalisha hao hao."

Walicheka wote wawili, simu ikakatika, na baada ya hapo mtandao haukurudi. Yeye akashika orodha yake, akaenda getini.

Na hebu tuwape watu haki yao: siku ile mtaa ulifanya kazi. Kwaya ilifika wa kwanza, namba moja mpaka ishirini, kila mmoja na mzigo na mzee wake. Maveterani walibeba watu mgongoni wakihema. Mwenyekiti alisimama katikati ya barabara na koti linang'aa, mikunjo ya nailoni bado imejichora mgongoni, akapuliza filimbi mpaka midomo ikampauka. Wanawake wa viti walileta wagonjwa wakiwa wamekaa juu ya viti, wabebaji wanne kwa kila kiti, jinsi walivyozoea kuvipeleka vyenyewe. Dada Maswali aliweka alama, akaweka alama, mvua ikimtiririka usoni, na kila alama ilimfurahisha. Saa nane na nusu alikuwa na alama themanini na tatu.

Mama Viti akapanda wa mwisho, kitenge kimemganda mwilini, anahema.

"Sitini na moja hayupo," alisema. "Nimegonga mpaka mkono umevimba, halafu nikakumbuka hasikii. Nikasukuma. Mlango wazi, saa zote zimo ndani, mwenyewe hayupo. Maji yalikuwa yananifika magotini, mwanangu. Nimeita kama mwehu. Namwita mtu asiyesikia!" Akakaa chini kwenye tope. "Wote wamefika. Nimemkosa yeye tu."

"Tutamtafuta, mama. Umefanya makubwa," Dada Maswali alimwambia, akamshika bega. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza begi lake limewekwa wapi, akauliza, "Na mama yangu mmempeleka darasa gani?"

Mama Viti aliinua uso. "Mama yako?"

"Ndiyo."

"Mama yako ni namba ngapi?"

Dada Maswali akatazama orodha. Aliipitia yote, kutoka moja mpaka themanini na nne, kana kwamba namba nyingine ingejitokeza akiangalia vizuri. Ilikuja arobaini na sita. Ikafuata arobaini na saba. Hapo katikati palikuwa na mlango wa kijani ambao yeye mwenyewe aliupita akiwa na brashi mkononi.

"Sisi tulijua umeshampandisha," Mama Viti alisema, akijiinua topeni. "Wewe ndiye mwenye orodha. Tulijua ndiye wa kwanza kufika."

Hakusikia zaidi. Alikwisha toka getini.

Alikimbia. Viatu vilimvuka, akaviacha. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, sweta ndani ya kabati, hatua tatu kutoka kitandani, na mama asiyeweza hatua hata moja. Mwenyekiti alinyoosha mikono kumzuia. Chini maji yalishakula barabara, kwa muuza mkaa palionekana paa tu la kibanda na magunia yanaelea. Alipomwambia kwa nini, mzee yule akaishusha mikono. Alimshika mkono wakashuka pamoja, filimbi ikimpiga kifuani.

Hawakufika mbali. Upande wa kulia, kwenye njia ya nyuma ipitayo karakana ya mbao, njia ya kuzunguka ambayo mtu haipiti ila amefungiwa zote, kulitokea mkokoteni. Ulikuwa wa muuza maji wa mtaani, madumu yameshushwa. Juu yake alikaa mama yake, amefunikwa turubai mpaka kidevuni, ndani ya turubai amevaa sweta, na mapajani ameikumbatia saa ya ukutani. Nyuma ya mkokoteni, ameinama, mishipa ya shingo imemtoka, Fundi Saa alikuwa anasukuma.

"Umechelewa," mama alimwambia binti yake. "Fundi amefika saa sita na robo. Nimeangalia."

Dada Maswali alipiga magoti pale pale kwenye tope. Alimkumbatia mama, akamwachia, akaishika mikono ya Fundi, akaiinamishia kichwa na kulia. Alisema asante. Aliisema mara nyingi, kwenye ile mikono yenye harufu ya mafuta ya saa, mpaka Fundi akamgusa kichwani.

"Inua uso, mwanangu," alisema kwa sauti yake kubwa. "Sioni unasema nini."

Akainua uso. Mvua, kamasi na machozi, vyote vilikuwa vimechanganyika, na akalitamka neno lile taratibu, aone kila herufi. "Asante."

"Ehe," Fundi akasema. "Sasa nimekusikia. Haya, shikeni upande huu, mgongo unaniuma."

*

Darasani, mama akiwa amelazwa juu ya madawati mawili, ndipo habari ikaelezeka, kwa kupokezana. Fundi alikuwa na chombo ukutani kwake cha kupima uzito wa hewa. Mwenye chombo alikileta kutengenezwa miaka kadhaa nyuma na hakurudi. Asubuhi ile mshale wake uliporomoka kuliko Fundi alivyowahi kuuona, dalili ya tufani kali. Hakusubiri redio, ambayo hata hivyo isingemsaidia kitu. Akahangaika kumtafuta muuza maji mpaka akampata, akamwomba mkokoteni kwa ishara, akaja moja kwa moja kwenye mlango wa kijani.

"Nikamwambia siendi bila saa yangu," mama alisema. "Tukagombana. Yeye hasikii, mimi siinuki, tukagombana nusu saa nzima. Akaishusha."

Kisha mkokoteni ulikwama, barabara ya karibu ikafunikwa, wakazunguka. Wanawake wa viti walikuwa wamepita mlango ule mara mbili wakienda kwenye namba zao.

Dada Maswali aliwatazama wote wawili. "Lakini Fundi, kwa nini kwetu? Mtaa mzima una watu."

Fundi akamtazama mama, na mama akatazama dari.

"Miaka saba," Fundi akasema, "kila mwezi mama yako ananiletea saa nzima. Nzima kabisa! Naifungua, naifuta vumbi, naifunga. Kabla miguu haijagoma, yeye anakaa kwenye kigoda, ananisimulia habari za mtaa mzima kwa midomo na mikono, nani kaoa, nani kagombana. Mimi namwambia bi mkubwa, nati ilikuwa imelegea. Yeye anasema, nilijua tu."

"Kumbe ulijua haina kitu?" mama akauliza.

"Mimi ni fundi saa."

Bibi yule alicheka mpaka dawati likatikisika, na Fundi, ambaye hakukisikia kicheko ila alikiona, akacheka naye. Dada Maswali alikaa katikati yao. Alikumbuka miezi ile minne, na namna alivyosema haina tatizo lolote. Akamshika mama mkono, akamshika na Fundi mkono, na hakuwa na ubao wa kuandikia wala kalamu, navyo hakuvihitaji.

Maji yaliondoka Ijumaa. Hakufa mtu. Kwenye chumba cha Fundi yalikuwa yamefika juu ya meza, na saa arobaini na tatu za watu zilikuwa zimekunywa chumvi. Angeweza kuziokoa zote kwa mkokoteni ule ule, safari moja, naye alijua hivyo alipoondoka. Wenye saa wakaja mmoja mmoja kuzitazama. Hakuna aliyelalamika. Muuza mkaa, ambaye hakubakiwa hata na gunia, alikaa kwenye kigoda saa nzima akimsimulia Fundi kwa mikono jinsi kibanda chake kilivyoelea, na Fundi alimsahihisha mahali alipoongeza chumvi.

Daktari alifika akiwa hana raha. Alimwambia Dada Maswali mbele ya watu kwamba kosa ni lake mwenyewe Daktari, la ile sheria ya kuruka nyumba, na lingine ni la swali la kumi na mbili. "Nimewauliza watu themanini na wanne nani atawajia," alisema, "na sikumuuliza hata mmoja yeye atamwendea nani. Nusu ya mtaa wenu sikuichora." Akamwomba arudi milangoni na swali la kumi na tatu. Akamwambia pia kwamba kwenye ripoti, ule ukurasa wa mbele wa shukrani, majina ya waliododoswa hayaruhusiwi kutajwa, ila namba zinaruhusiwa, na sentensi ya kwanza ataiandika yeye Dada Maswali. Aliiandika siku hiyo hiyo. Ilikuwa fupi na ilikuwa na namba moja tu, sitini na moja.

Alianzia sitini na moja. Alikwenda asubuhi, saa ya ukutani iko kwapani, akaiweka mezani.

"Inachelewa," alisema wazi kwa midomo.

"Naona," Fundi akajibu, bila kuigusa. Akamvutia kigoda.

Dada Maswali akampa karatasi mpya. Fundi akavaa miwani, akasoma, akafika kwenye swali la kumi na tatu. Aliandika jibu lake kwa herufi kubwa za mtu asiye na haraka: *Mama mwenye saa.* "Hili ndilo ningekujibu siku ile," alisema. Kisha hakurudisha kalamu. Akanyoosha mkono kwenye ubao wa Dada Maswali, akachomoa karatasi nyingine, tupu, akaandika juu yake themanini na tano.

"Haya. Sasa wewe."

"Mimi mdadisi, Fundi. Sidodoswi."

Hakuwa akimtazama midomo, kwa hiyo hakumsikia, au alijifanya. Alianza kwenye swali la kwanza na kwenda nalo mpaka mwisho, kwa sauti iliyovuka ukuta wa bahari, na watu wakaacha ufagio mikononi kusikiliza. Jina la mkuu wa kaya. Umri. Wangapi hawawezi kutembea. Kwenye kumi na mbili Dada Maswali alitaja majina matatu. La kwanza alilijua kabla hajaulizwa.

"Kumi na tatu," Fundi akasoma. "Maji yakija, wewe utamwendea nani?"

Dada Maswali akamtazama usoni, akatamka taratibu. "Wewe, Fundi."

Fundi hakuandika. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayegusisha saa kwenye taya.

"Rudia."

"Nitakuja kwako. Namba sitini na moja."

"Rudia, sijasikia."

Alikuwa ameelewa mara ya kwanza. Dada Maswali aliyaona macho yake nyuma ya miwani, yamejaa, na akajua ameelewa vizuri sana. Basi akarudia mara ya tatu, kwa nguvu zake zote, mtaa mzima ukasikia.